Hemedi na Birika la Kambini

Zamani kambini kwetu, kwenye mkonge upande wa Korogwe, saa yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Nyapara akikigonga alfajiri, mbwa wote wanabweka. Kulikuwa na mbwa mmoja, Simba, mwoga kuliko kuku. Huyo nimwache, hana kesi. Reli ikilia, lori halikungoji, kwa hiyo chai tuliinywa inatokota. Baba yangu, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akabaki, alisema, "Chai ya kupoa ni ya mgonjwa." Bingwa alikuwa mdogo wangu Hemedi: kikombe kizima bila kupumzika, machozi yanamtoka, anacheka.

Baba alikufa kwa kansa ya njia ya chakula. Miaka ikapita, Hemedi naye ile ile. Mwisho hata uji haukupita. Binti yangu Zaina, aliyemuuguza, tangu hapo akipaliwa na tonge tu anashika shingo. Aliposikia Korogwe kuna watafiti wanaochunguza kama kansa hii inatoka kwenye damu ya ukoo au kwenye maisha ya watu, akasema, "Baba, twende. Nataka kujua nimewarithisha nini wanangu."

Asubuhi tulitoka Misima, kijiji tunachoishi sasa, kwa bodaboda, tukapanda basi Handeni mjini. Zaina hakutia kitu mdomoni. Mihogo ya kukaanga nikala yangu, nikala na yake.

Kabla ya Korogwe nilitafuta kambi dirishani nimwonyeshe. Nikaona mahindi tu. Basi likapita.

Saa tano tukapokewa na daktari, binti wa Kisambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza tumbaku, moshi wa jikoni, dawa za shambani. Akafika kwenye chai. "Mlikuwa mnangoja ipoe?"

"Ungeijua kambi usingeuliza."

Akacheka, akachora ukoo wetu kwa mistari. "Wewe na Hemedi, baba mmoja, mama mmoja?"

Nikavua kofia. Zaina akanitazama, mkono shingoni. Baba alitukataza kulisema, na Hemedi mwenyewe hakutaka lisemwe. Nikalisema.

"Alizaliwa na Mmakonde wa chumba cha pili. Wazazi wake walipokufa, Baba akamwandikisha kwa jina lake."

"Kwa hiyo baba mdogo si wetu?" Zaina akauliza.

"Ni wetu. Damu tu ndiyo si yetu."

Daktari akaweka kalamu. "Siwezi kuapa kwamba damu haihusiki, bado tunatafuta. Lakini mlikuja na wagonjwa wawili wa damu moja. Sasa ni mmoja. Mzee wako na Hemedi walichangia kazi, moshi na birika."

Zaina akalia, kisha akaniomba mihogo. Nilikuwa nimeimaliza.

Jioni, njiani kurudi, alikula mahindi mawili ya kuchoma bila kushika shingo. Siku hizi nyumbani chai tunaiacha mpaka kikombe kishikike. Hilo nimejifunza, nimechelewa.

Lakini nimeruka nilivyoagana na daktari. Alifuta mstari wa Hemedi, akamwandika pembeni: si ndugu. Akasema nirudi na watoto wa Hemedi, niwaeleze yote.

Niliitazama ile karatasi. Hemedi peke yake pale ukingoni, bila baba, bila kaka.

Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

"Mzee! Tarehe yako ya kurudi!"

Sikugeuka. Sijarudi tena.