Kimya cha Salamu ya Kumi

Mpaka leo mlio wa mchi kinuni hunifanya nihesabu mapigo. Katika nyumba yetu ya mbao pale mtaani Kadutu, kwenye mteremko ambao mvua huugeuza kuwa matope mekundu, bibi yangu alitwanga sombe, majani ya muhogo, kila alasiri huku akisali rozari bila kushika rozari. Pigo moja la mchi, Salamu Maria moja. Akifika ya kumi alisimama, akageuza majani kwa mkono, akanyamaza kitambo kirefu kabla ya kuendelea. Nilikuwa na miaka kumi na njaa isiyo na subira, nikamuuliza kwa nini anatuchelewesha. "Pale njo Mungu anasemaka," alinijibu. "Ukitwanga tu, utamusikia namna gani?" Nilimcheka moyoni.

Ulikuwa msimu wa watu wenye bunduki. Kijana mmoja wao aliingia uani mwetu, akamvunja bibi meno mawili kwa kitako cha bunduki kwa sababu alichelewa kufungua mlango, akaondoka na mbuzi wetu. Nilimchukia kwa mwili mzima. Kila nilichotafuna, nilimtafuna yeye. Wiki iliyofuata wenzake waliukimbia mji, naye akakutwa amejificha chooni kwa jirani, hana bunduki wala viatu. Watu wakamburuta hadi mbele ya mlango wetu. Jiwe langu lilimpata juu ya jicho, damu ikaruka, nami nikafurahi. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Bibi alitoka na mikono ya kijani. Akapiga magoti matopeni, akamfunika kijana kichwa kwa kitenge chake, akaanza kusali kwa sauti, akipiga ardhi kwa kiganja kila salamu. Mawe yalibaki mikononi. Kwetu hata mwenye hasira hampigi mtu katikati ya sala. Wanaume walivua kofia, na jirani yetu Papa Deo akasimama vilevile, begani tairi alilolileta la kumchomea kijana. Salamu ya kumi ikapita. Bibi akanyamaza, kama alivyozoea.

"Koko alishamaliza," Papa Deo akasema, bila ukali, akimwita bibi yangu kama mtaa wote ulivyomwita. "Mumutoshe pale."

Alikuwa hajamaliza. Ni mimi peke yangu niliyejua. Nilikuwa na neno moja la kusema, nikalibana kwa meno, kwa sababu nilitaka afe. Wakamwinua bibi kwa heshima, wakamweka kando, wakampiga kijana mawe. Aliita mama yake mara mbili. Tairi halikuhitajika.

Jioni ileile bibi akarudi kinuni, akaanza na salamu ya kumi na moja. Hakunipiga. "Ulijua," alisema tu, akaendelea kutwanga. Alipofika ya ishirini akanyamaza, na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza maishani, nilijua kwamba kuna Mtu anayesikiliza, na kwamba alinisikia nilipokaa kimya. Nilijikojolea palepale.

Bibi alishafariki. Watu wenye bunduki wamerudi, na sombe siku hizi husagwa kwa mashine sokoni, mashine isiyonyamaza hata kidogo. Mimi bado natwanga. Juzi mchana vijana wa mtaa walimkamata mwizi wa simu, nikaona tairi likipita dirishani. Nilitoka mbio na mchi mkononi, nikaupasua umati. Sala yenyewe sikuikumbuka. Nilipiga kelele neno lilelile nililolibana utotoni: "Hajamaliza!" Wakageuka wote kunishangaa, hakuna aliyejua namsema nani, na walipokuwa bado wananishangaa, mwizi akaponyoka.