Kituo cha Kula

Haya nyinyi, sogeeni hapa karibu. Na wewe wa huko nyuma, wacha kujifanya umelala, hii maneno inakuhusu, kwa sababu najua wewe pia L na R zinakusumbua.

Juzi nilikuwa napita stendi, nikapata vijana wanachora ile mistari nyeupe kwa lami. Si mnajua harufu ya rangi ya barabara? Inaingia kwa pua kama pilipili, inapanda mpaka kwa macho, halafu inakaa hapo kama mgeni ameshakula na hataki kuenda. Mimi nikasimama. Nikanusa. Nikacheka peke yangu mpaka mtu wa bodaboda akaniuliza anipeleke hospitali ama kanisani. Angejua! Hiyo harufu ndio ilikuja kwetu nikiwa mtoto, na karibu ifunge hoteli ya mama yangu.

Kwetu ilikuwa njia panda, kati ya Kitale na Bungoma, mahali lori za mahindi zilikuwa zinapumzika. Mama alikuwa na hoteli hapo. Nikisema hoteli msifikirie lifti. Ilikuwa mabati, benchi, na jiko lenye moshi mpaka ndege wakipita juu wanakohoa. Lakini chai yake, bana, ilikuwa nzito, ukiweka kijiko kinasimama wima kama askari. Dereva akikunywa kikombe kimoja hapo kwetu anafika Mombasa bila kupepesa jicho.

Mama alikuwa Mkikuyu wa kuzaliwa Kitale, watu wao walikuja huko zamani kulima. Baba alikuwa Mbukusu wa upande wa Bungoma, na kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli, ile nyeusi ya chuma, kiti cha nyuma kimeshonewa sponji na kitambaa cha maua. Sasa Mkikuyu na Mbukusu wakioana, hizo herufi mbili zinahama nyumba kabisa. Mama alikuwa anapika mchere, baba anaomba aongezewe mahalagwe, na hakuna siku mtu alilala njaa kwa sababu ya hiyo.

Basi siku moja ikaja gari, Probox nyeupe. Ikashuka tumbo kwanza, halafu baadaye kidogo akafuata mwenyewe, bwana mmoja amevaa riflekta. Hakusalimia mtu. Alitoa mkebe wa rangi, akapiga mstari mweupe kwa lami, hapo hapo mbele ya hoteli, akachora na alama zingine kama kisu na uma zimepigana. Harufu ikajaa mpaka mandazi ikawa na ladha ya rangi. Ndio sasa akaingia, akaketi, akaitisha chai.

"Habali yako, mama," akasema. "Balabala yenu ni safi kabisa."

Mama akamwambia karibu. Yule bwana akaeleza. Ati kunakuja mashindano makubwa ya baiskeli, ubingwa wa dunia nzima, watu wa kila nchi. Watatoka Kitale, wapite hapa kwetu, wamalizie Bungoma. Halafu akagonga meza na kidole.

"Na hapa kwako, mama, ndio tumeweka kituo cha kula."

Mama alikuwa anamimina chai. Nawaambia, ile chai ilisimama hewani.

Fikirieni na nyinyi. Huyu mtu habari anaiita habali. Barabara anaiita balabala. Sasa akikuambia kituo cha kula, ni gani hiyo? Ni ile ya kutafuna, ama ni ile ya kupiga? Na tangu lini mtu akawekewa kituo cha kutafuna na watu wa riflekta? Kituo tunajua ni kimoja tu, kile cha foleni na masanduku na wino kwa kidole.

Mama hakumwuliza. Alimpa chai yake, akaenda nyuma ya hoteli, akatoa magunia, akaanza kuyakung'uta.

Mimi nilipoona magunia nilifurahi mpaka nikapiga teke ndoo. Kwa sababu mimi kura nilikuwa naijua. Nilikuwa mdogo sana ile wakati tulifunga vitu kwa gunia tukaenda Kitale, tukalala kanisani, watu wengi kama siafu. Uji ulikuwa unapikwa kwa sufuria kubwa kama bwawa. Watoto walikuwa wengi mpaka unachagua wa kucheza naye na wa kugombana naye. Hakuna shule, hakuna kuosha vyombo, unalala katikati ya mama yako na mama ya mtu mwingine. Tulikaa huko mpaka meno yakang'oka na ingine ikaota. Kwangu kura ilikuwa sikukuu kushinda Krismasi. Nikaenda kutafuta rinda langu la mikono ya puto.

Mwenye hakufurahi ni Senge, dada ya baba. Senge alikuwa anashuku kila kitu. Kuku wake akitaga, anahesabu mayai, halafu anamwangalia huyo kuku kwa macho anamwuliza kama ni hayo tu. Aliposikia kuna kura, akafunga leso kiunoni akasema yeye atachunguza, kwa sababu kura ya katikati ya miaka haiwezi kuja bila mbunge kufa. Akaondoka kuenda kuangalia kama mheshimiwa wetu wa bunge bado anapumua. Alirudi jioni amekasirika. Mheshimiwa yuko, amepatikana mahali anatafuna mbuzi, mafuta inashuka mpaka kwa saa.

"Hajakufa," Senge akatuambia. "Lakini wamejua atakufa. Ndio maana wanachora mapema."

Kutoka hapo tukawa watu wa kushuku, kijiji mzima. Baada ya siku kidogo zikapita gari za hao watu wa mbio, zinapima barabara. Baiskeli zilikuwa juu ya gari! Zimefungwa huko kama wafalme, zinaangalia mbali. Watu wakasimama mashambani na majembe. Mtu ako na gari, gari ina mafuta, sasa baiskeli ni ya nini? Na baiskeli zenyewe haina keria, haina kengele, haina madigadi. Baba alisema mtu wa hiyo baiskeli bibi yake anatembea na miguu. Mwingine akasema hizo ni za wizi, zimenyonyolewa ndio zisijulikane.

Halafu wakashuka wanaume wenyewe kunyoosha viungo, na tukaona miguu. Imenyolewa. Laini kama ya mtoto ametoka kuoga. Senge alitazama hiyo miguu kwa muda mrefu kama mtu anasoma gazeti.

"Mwanaume ananyoa miguu," akasema, "huyo anaficha nini?"

Baba peke yake ndio alikuwa anaamini. Yeye alikuwa amependa zile baiskeli mpaka anaziota, anasema jina za spea kwa usingizi. Alimwambia mama hii ni mbio tu, mama asihangaike. Mama alikuwa anakunja shuka, polepole, kona kwa kona.

"Baba Nafula," akasema, na Nafula ndio mimi, "hata ile mwaka ulisema ni kura tu."

Baba akakaa kwa benchi, akakwaruza tope kwa kiatu.

"Ukifunga hii hoteli mara hii," akasema, "nani atarudi kuifungua?"

"Hiyo ndio naogopa mimi pia," mama akasema. Lakini akaendelea kukunja.

Ikapangwa hivyo. Siku ya mbio, asubuhi, mama na mimi tungepanda gari ya Kitale, tukae huko mpaka hiyo kitu ipite. Na kama haitapita vizuri, tusirudi. Vyombo vyote vikaingia kwa gunia. Birika ya chai ikaingia mwisho, bado ina joto. Mimi nilivaa rinda langu la puto, nikajipaka mafuta mpaka nzi wanateleza kwangu.

Kumbe hakuna mtu alitufikiria. Hiyo asubuhi barabara ilikuwa imefungwa! Hakuna gari ya kuenda Kitale, hakuna ya kutoka. Askari walikuwa wamesimama kila mahali, wanapuliza firimbi hata kwa mbuzi. Mama alikaa juu ya gunia mbele ya hoteli yake yenye imefungwa, kiondo mapajani, ameshika fundo la gunia kama mtu ameshika kamba ya ng'ombe mkali. Aliangalia askari, akaangalia ule mstari mweupe, akaangalia tena askari. Mimi nilimwuliza kama kanisani kutakuwa na uji. Akalikaza lile fundo.

Halafu wakaja watu na mifuko.

Walijipanga kando ya mstari, wamevaa nguo sawa, kila mmoja ameninginiza mifuko midogo ya kitambaa kwa mkono. Senge alinifinya bega mpaka leo linauma mvua ikitaka kunyesha.

"Unaona?" akasema. "Mifuko. Sasa umeamini?"

Hata baba alianza kujikuna. Kwa sababu sisi sote tunajua mifuko inatolewa wakati gani, ni kura ikikaribia. Wakati mwingine wowote hakuna mtu anasimama barabarani anagawa vitu.

Tukasikia sauti kama nyuki wa dunia nzima wametoka mzinga mmoja. Pikipiki zikapita, gari zikapita, halafu wao. Walikuja wengi hivi, nguo za rangi zote, mbio mpaka kofia ya chifu ikatoka kichwani ikawafuata. Kila mtu ana namba kwa mgongo, kama amejiandikisha. Na mikononi wamevaa glavu, lakini glavu zimekatwa vidole! Vidole viko nje, vyote! Senge akashika mdomo. Mtu mwenye anavaa glavu ya baridi anaacha vidole nje kwa sababu gani, kama si wino?

Wakawa wananyakua mifuko. Wewe unapita, unanyoosha mkono, nyaka, umeenda. Wote wakapita hivyo, isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa kijana mwekundu, mwembamba, nadhani upepo ndio ulikuwa unamsukuma. Alinyoosha mkono kwa mfuko wake, ukamponyoka, ukaanguka, wenzake wa nyuma wakaukanyaga ukawa chapati. Akaenda kidogo, baiskeli ikaanza kuyumba. Akasimama. Akarudi anasukuma, amegeuka rangi ya majivu, akaegemea nguzo ya hoteli ya mama. Akasema maneno ya kwao, hakuna mtu aliyasikia. Halafu akanyoosha mkono kwa mama. Ule mkono ulikuwa unatetemeka kama jani.

Yule bwana wa Probox alikuwa mbali upande ule mwingine, anapiga kelele na firimbi imemziba mdomo. Mama alimwangalia huyo kijana. Sio kama vile sisi tulikuwa tunamwangalia, sisi tulikuwa tunatafuta ujanja wake. Mama aliangalia mkono tu.

Mimi nimekuja kuelewa hiyo macho baadaye, nikiwa mama ya watu. Ile sikukuu yangu ya kanisani haikuwa sikukuu, tulikuwa tumekimbia vita ya kura. Wale watoto wote wa kuchagua, walikuwa wamekimbia. Na ule uji, kila siku mama alikuwa ananiwekea wake kwa kikombe changu, anasema ameshiba, halafu mikono yake inatetemeka akinishikilia kikombe. Nilikuwa nafikiri anatetemeka kwa sababu ya baridi ya Kitale. Watu hutucheka ati tulichanganya L na R. Wachekeni wengine, lakini mama yangu hakuchanganya kitu. Kwake hizo maneno mbili zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, moja ikija inaondoa ile ingine.

Kwa hivyo hakungoja kuelezwa. Aliingiza mkono kwa kiondo, akatoa mandazi yetu ya safari, akampa. Huyo kijana alikula kama mtu anaingiza kuni kwa jiko. Ya kwanza hakutafuna. Ya pili akafunga macho. Ya tatu rangi ikaanza kurudi, kutoka masikio ikishuka. Baba alikuwa ameshikilia ile baiskeli ya watu na mikono miwili, karibu alie, anasema ni nyepesi kama kuku.

Lakini mama bado alikuwa amekalia gunia. Mkono mmoja unatoa mandazi, ule mwingine umeshika fundo. Na askari bado wako, na mstari bado uko, na mimi bado nimevaa rinda.

Hapo ndio Senge alishindwa kuvumilia. Aliruka, akakamata mkono wa yule kijana kama anakamata kuku wa wageni, akauvuta kwa jua. Akakunjua kidole cha kwanza, akaangalia. Cha pili. Kidole kidogo alikitemea mate, akakisugua na leso, akakileta karibu na jicho mpaka kijana mwenyewe akaacha kutafuna aone pia. Kijiji chote kikasimama kikingoja. Senge akageuka, bado ameshikilia kile kidole juu kama amekishinda kwa mchezo, akapiga kelele mpaka nafikiri Lwakhakha, huko mpakani, walisikia:

"Mama Nafula, fungua gunia, weka chai! Kidole hakina wino, ni kula ya mdomo!"