Krismasi Tuliyomngoja Mgeni Rasmi

Kila Noeli padri wetu hutuuliza swali lile lile: tungekuwa Bethlehemu siku ile, tungewafungulia mlango Maria na Yosefu? Watu huguna kwa unyenyekevu, wengine huitikia ndiyo kwa sauti. Mimi hukaa nimeuma meno. Umri umeshanitupa mkono na hasira hii haijapoa, wala sitaki ipoe. Najua tungefanya nini, kwa sababu tulikwisha kufanya.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, enzi za Ujamaa, kila mtu ndugu na sukari ya foleni. Tulikaa Chang'ombe, baba akifanya kazi kiwandani. Kigango chetu kilikuwa kuta nne na makuti yaliyooza. Mvua ikinyesha, padri alisogeza altare huku misa inaendelea. Mabati hayakununuliwa hivi hivi. Yalitaka kibali, na kibali kilitaka mtu. Mtu wetu alikuwa kijana wa zamani wa kigango, aliyewahi kutumikia altareni, sasa mkubwa serikalini. Katekista alipotangaza kwamba amekubali kuwa mgeni rasmi siku ya Krismasi, akina mama walipiga vigelegele mle mle kanisani. Injili haikuwahi kupigiwa vigelegele vile.

Basi kila mtu akampangia kazi. Katekista alitaka mabati. Kwaya ilitaka sare. Baba alitaka mdogo wake aingizwe bandarini. Hata jirani yetu, Mwislamu wa Lindi, mtu wa utani, alisema, "Na mie mniombee baiskeli mpya, hii yangu imechoka kunibeba." Wayahudi walimngoja mfalme wa kuwatimua Warumi, sisi tukamngoja wa kutuezekea. Sioni tofauti kubwa.

Mwaka ule niliigiza Bikira Maria. Si kwa utakatifu wangu, bali kwa kuwa nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto mchanga. Mdogo wangu alikuwa na miezi mitatu. Miaka mingine Mtoto Yesu alikuwa mwanasesere wa matambara, lakini katekista alisema mgeni mkubwa haonyeshwi matambara.

Pango walilijenga uani kwa mifuko ya saruji iliyofinyangwa na kupakwa majivu na masizi ili ionekane mawe. Mkabala na pango walifunga turubai, moja tu, waliloazima kiwandani kwa baba. Chini yake wakapanga makochi yaliyokusanywa nyumba hadi nyumba, kila kochi na kitambaa chake cha kufuma. Kivuli kile hakuruhusiwa mtu kukikalia kabla ya mgeni. Vikongwe walisimama juani wakiyatazama makochi matupu, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nami sikuona.

Mchezo ulikuwa uanze saa nne asubuhi. Katekista alitutaka tukae pangoni tayari, ili gari likiingia mgeni akute kila kitu mahali pake. Ikafika saa tano, ikafika saa sita. Jua la Desemba la Dar halina huruma, na ndani ya ile karatasi palikuwa tanuri. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanyamaza. Nilimgusa kifua. Lile halikuwa joto la jua. Homa naijua, nimekua nayo.

Mama alikuwa nyuma ya kanisa akipika pilau na wenzake. Saa saba hivi alikuja akijifuta mikono kwenye khanga. Katekista akamzuia kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali, usituvurugie pango. Mgeni yuko njiani."

"Nataka kumnyonyesha tu, mwalimu."

"Katoka uwanja wa ndege, mtu wa baiskeli kamwona Kipawa. Dakika tano, mama. Tutaonekanaje, akifika akute hori tupu?"

Mama akanitazama kwa juu ya bega la katekista. "Mwanangu, mtoto hajambo?"

Nilikuwa nimejifunika shuka la buluu, na wasichana wote wa kigango walikuwa wakinionea kijicho. Nikisema ana homa, watamchukua, na Maria asiye na mtoto ni msichana aliyejifunika shuka. Nilitaka yule mkubwa anione.

"Hajambo, mama," nikasema. "Amelala."

Mama akarudi kwenye pilau.

Gari lilifika saa nane na nusu. Watoto wakapunga majani, akina mama wakatandika khanga mavumbini apite. Mgeni akainama pangoni, hata miwani ya jua hakuivua. "Mtoto mtulivu kweli huyu," akasema, na watu wakacheka kwa furaha. Risala ikasomwa. Mgeni akahutubia, kivulini, juu ya usawa wa binadamu, akahutubia mpaka mate yakamkauka, akaahidi mabati. Walikuwa bado wanapiga makofi mdogo wangu alipokakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka meupe. Nilipiga ukelele. Waliokaa nyuma walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mama alikuja mbio, mwiko bado mkononi. Baba akamwomba dereva atukimbize hospitali. Dereva akasema, "Ndugu, mpaka mzee aseme." Mzee alikuwa ananawa mikono. Baba akamgeukia katekista, na katekista akanong'ona, "Acheni kwanza ale." Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote. Aliyetusaidia ni yule jirani wa Lindi. Alimpakia mama na mtoto kwenye baiskeli yake iliyochoka, akakanyaga kama mwendawazimu. Mtoto alifia njiani.

Msibani katekista alisimama akatufariji. "Tumshukuru Mungu," akasema, "huyu amekufa akiwa Mtoto Yesu." Natamani ningemng'ata. Hakuwa Yesu. Alikuwa ndugu yangu, mwenye upele wa joto shingoni, aliyependa kushika sikio la mtu akinyonya. Na hata angekuwa Yesu, je? Mungu alikuja akiwa mtoto ili ashikwe, anyonyeshwe, aondolewe juani, na hayo ndiyo tu aliyotuomba siku ile. Tuliona ni madogo mno. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukaimba, na macho yetu yote yalikuwa barabarani.

Lakini kumkasirikia katekista ni rahisi. Nilipokwenda kuungama ule uongo niliomwambia mama, padri alinipa Salamu Maria tatu za malipizi. Nilitoka kwenye kiungamio nimekasirika, kwa maana nilijua hazitoshi, naye alikuwa ameridhika.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mara kwa mara, akichambua mchele, alisema, "Laiti ningempita yule mwalimu nikamshika mwanangu mwenyewe. Mama gani anaacha mtoto kwa ajili ya pilau?" Aliyasema nikiwa nimekaa naye kwenye mkeka mmoja. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, maneno mawili matatu tu. Nilimwacha ajilaumu mpaka tukamzika.