Siku Niliyokataa Kukimbia

Juzi nilipanda Marangu kutazama kihamba cha bibi, shamba la ukoo la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yake. Harufu ya kuni mbichi kutoka jikoni kwa jirani ikanishika kifuani kama zamani, nikajikuta natabasamu.

Nilikuwa mtoto wa pumu, rafiki yangu, katika nyumba ambayo kila kizuri kilikuja na moshi au vumbi: mtori wa ndizi uliochemka asubuhi nzima, kahawa iliyoanikwa uani, majani makavu ya ng'ombe. Watoto wenzangu walikwenda kukata majani kule chini mferejini. Mimi nilibaki kumenya ndizi, nikisikia vicheko vyao kupitia migomba. Iliniuma.

Siku moja bibi akanipeleka kliniki. Muuguzi alimwamkia shikamoo, akasikiliza habari za majani ya mferejini, kisha akanigeukia mimi.

"Tuseme uko mferejini, kifua kinabana. Utafanya nini?"

Bibi alifungua mdomo ajibu. "Bibi, mwache afikiri," muuguzi akasema.

Nikafikiri. "Sitakimbilia nyumbani. Kurudi nyumbani ni kupanda mlima. Nitakaa wima, nivute dawa ya inhela, nimtume mwenzangu amwite bibi."

"Ukipata nafuu, utaendelea kukata majani?"

"Hapana. Nitapumzika, maana kinaweza kurudi."

Bibi alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Kesho yake akanipa mundu. "Nenda na wenzako. Dawa iwe mfukoni."

Kiangazi kile, tukifagia darasa, vumbi likanibana kweli. Mwalimu alishtuka. "Kimbilia nyumbani, mwanangu!"

Nilitikisa kichwa, nikatoka nikaketi kwenye ngazi, mgongo wima. "Nikikimbia pumu itazidi, mwalimu," nikasema kwa shida, nikavuta dawa. Akachuchumaa kando yangu, akawanyamazisha wenzangu, akangoja nami mpaka pumzi ikarudi. Jioni alikuja mwenyewe kumweleza bibi. Bibi akampakulia mtori, na Jumapili, nje ya kanisa, kila aliyemsalimia aliambiwa: "Huyu kifua chake anakijua mwenyewe."

Sasa mibuni mingi imeng'olewa, mfereji una maji ya msimu tu, na bibi amelala palepale kihambani. Niliketi kando ya kaburi lake. Wanaokumbuka kwamba nilikuwa mtoto wa kulindwa bado wapo wachache. Aliyejivunia jinsi nilivyojifunza kujilinda alikuwa yeye, na nilimshukuru kwa sauti, pumzi yangu ikiwa imetulia.