Niliwatilia Sukari Funza wa Mjukuu Wangu

Kosa ni langu, wala msimtafute mwingine. Nimeambiwa hapa mtandaoni mtu anaweza kuficha jina lake, basi langu nimelificha. La mjukuu siwezi, mimi simtaji mtu bila jina lake. Anaitwa Poni, anasoma mambo ya wadudu chuoni, naishi naye hapa mtaa wa Atlabara.

Poni alileta nyumbani chupa kumi za funza wa wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Chupa tano alizitia uji wa sukari nyingi, tano uji mtupu. Alitaka kujua kama funza aliyelelewa na sukari, akishakuwa nzi, bado anausikia utamu. Kumbe nzi anaonja hata kwa miguu! Akaniomba nisiziguse, ndiyo kazi yake ya kumalizia masomo.

Nikakubali. Lakini nilikaa kambi ya wakimbizi Uganda miaka mingi, namjua mtoto wa uji mtupu anavyotazama sahani ya jirani. Zile chupa tano za uji mtupu nikazipa majina ya watoto wa kule: Lado, Keji, Wani, Jokudu, na yule mdogo, Tombe. Sasa ukishamwita kiumbe Tombe, utamnyimaje sukari?

Kila asubuhi Poni akitoka, nilichomoa pamba mdomoni mwa chupa, nikatia kijiko. Walinenepa! Nikajisifu.

Nzi walipotoka, wote wakawa sawa. Sukari kidogo hakuijali hata mmoja. Mwalimu wake akasema arudie yote tangu mwanzo. Wenzake wakavaa majoho, yeye akabaki nyumbani analia.

"Haboba," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "nadhani nilichanganya chupa mwenyewe. Mimi mjinga."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikasema, "Pole, mwanangu." Aibu gani hii!

Nikampikia chai, ile ile niliyomlea nayo tangu anaota meno. Vijiko vitano. Akaonja, akanirudishia kikombe.

"Haboba, leo umesahau sukari."

Jana ameleta chupa mpya. Amenikabidhi nizilinde, eti humu ndani ananiamini mimi tu.

Bibi wenzangu, ukiambiwa usiguse, usiguse. Huruma nayo ipimwe kwa kijiko. Na funza msiwape majina. Hizi mpya sijazipa, ila ile ya mwisho, pale dirishani, imefanana sana na Tombe.

Poni, ukisoma hapa: hukuchanganya chupa. Na hizi zihamishe leo.