Ufunguo wa Sakristia

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kusafisha kanisa la Kithyoko. Kina mama walipiga deki; mimi nikanyoosha vitambaa vya altare kwa pasi ya makaa. Padri Donal, mzee wa Ayalandi, alipita na ndoo ya maji.

"Fadha, wacha hiyo, utavunjika mgongo!"

"Nikivunjika mtapumzika mahubiri."

Tulicheka. Kiunoni nilifunga ufunguo wa kabati la sakristia. Ndani yake, nyuma ya kanzu za misa, zilikuwa bunduki mbili.

Kiangazi kile wavamizi walikuwa wamevuka Mto Tana mara mbili, wakiua watu na kuswaga ng'ombe. Padri aliwahi kutuhubiria kwamba ujanani, kwao, aliwafichia wapigania uhuru silaha chini ya altare. Alikuwa akiungama. Vijana wetu walisikia ruhusa. Walipomletea zao, alizipokea, akanipa ufunguo.

"Mwelu, zikikaa hapa hazitaua mtu. Usimpe yeyote. Hata mimi."

Saa nne asubuhi hiyo, mlio wa kwanza wa risasi.

Ng'ombe walikatiza uwanja wakikimbia. Kisha akaja mdogo wangu Musyoka, na upinde na mishale mitatu.

"Dada, ufunguo!"

Nilimtazama Padri. Aliinamisha macho kwenye ndoo.

"Dada, wako kwa Mama!"

Mkono wangu uliushika ufunguo. Ukabaki hapo.

Musyoka alitema mate mlangoni, akakimbia.

Milio mitano. Niliihesabu kwa sababu sikuweza kusali.

Tulimkuta katika shamba la mbaazi la Mama, taya limeng'oka, mishale miwili ingali mkononi. Mama alikuwa hai ghalani. Musyoka alikuwa amewavuta wavamizi wakamfuata yeye. Padri alipiga magoti kwenye damu, akavua kanzu, akamfunika.

"Kule kwetu, aliyeuawa kwa silaha nilizoficha nilimzika mwenyewe," alisema. "Niliapa asiwepo mwingine."

Miaka imepita. Polisi walichukua bunduki, na Padri amelala nyuma ya kanisa. Watu huniambia bunduki mbili zisingewazuia wale. Pengine Musyoka angemuua mwana wa mwanamke mwingine, kisha afe vilevile. Pengine angekuwa na watoto sasa.

Bado nanyoosha vitambaa, ufunguo kiunoni. Mama hajawahi kuniuliza ufunguo ulikuwa wapi. Nikifika kwake kutoka kanisani, husema tu, "Fungua hicho kitu cha kiunoni kabla hujaingia."

Nami huutundika nje, kwenye msumari.