Ile ya Helikopta na Mwisho Wake

Saa saba kasoro mchana, Shangazi anapanga viti ambavyo vimekwisha kupangwa.

Anavigusa migongo kimoja kimoja akivihesabu: thelathini na nane, vyote vya plastiki, viwili nyufa zake zimeshonwa kwa waya. Akifika mwisho wa mstari anarudi mwanzo. Kisha anatoka nje, anasimama mbele ya ubao mweusi uliotundikwa kando ya mlango, anafuta alichoandika, anaandika kingine, anakitazama, anakifuta nacho. Vumbi la chaki limempanda hadi kwenye nyusi.

"Hebu nipishe hapo, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye amejibana ukutani na hamzibii njia hata kidogo. "Leo hata kivuli cha mtu kinanikera."

Filamu inaanza saa kumi. Chakula chake kimefunikwa kwa sahani tangu saa sita na hajakigusa.

Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Ana miaka hamsini na sita na ni mtafsiri wa filamu. Katika banda lake la video, chumba kimoja chenye televisheni kubwa na feni mbili ambazo moja ni pambo tu, yeye husimama kando ya kioo na maiki mkononi, akasema kwa Kiswahili kila kinachosemwa na waigizaji. Hutoa sauti ya jambazi, ya bibi harusi, ya mtoto mchanga, na ya mbwa ikibidi. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na miwili, na koo lake linaonyesha. Daktari alimwambia apumzishe sauti kwa mwezi mzima. Alipumzika siku mbili.

Zamani banda lilijaa mara mbili kwa siku. Siku hizi akipata watu ishirini anashukuru. "Simu zimenimalizia watu," anasema. "Mtu anajilalia kitandani, filamu iko kiganjani. Atoke nje afuate nini?"

Wanaotoka wanafuata ubao. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Shangazi huiangalia filamu ya siku hiyo peke yake, mwanzo hadi mwisho, ndipo aandike hukumu. Hukumu ni nne: "Njoo", "Si mbaya", "Ya kupitisha muda" na "Usinilaumu". Haandiki uongo kujaza viti. Watu wanasema ubao ule unaaminika kuliko mizani ya muuza duka, na yeye anapoyasikia maneno hayo hujifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ila kuna filamu moja aliyoiandikia hukumu bila kuimaliza. Ndiyo ya leo.

Miaka miwili iliyopita alinunua diski nne kwa bei ya moja. Kwenye jalada la mojawapo kulikuwa na helikopta kubwa juu ya mji unaowaka moto. Akaiweka saa kumi na mbili asubuhi, akasubiri moto. Hakukuwa na moto, wala helikopta. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, anayesafiri na sanduku lake kumtafuta mdogo wake ambaye hawajasemeshana miaka ishirini.

"Dakika arobaini mtu anatembea tu!" anasimulia Shangazi, huku akifuta kioo cha televisheni kwa mara ya tatu. "Ananyeshewa, anauliza njia, anakosea njia. Nikasema, huyu naye, si apande basi tulale? Nikaona sakafu chafu, nikachukua ndoo, nikapiga deki. Nikaenda kuandika: Ya kupitisha muda."

Mchana watu walikuja kwa sababu ya jalada. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kelele tupu. "Shangazi, helikopta iko wapi?" wakauliza. "Inajaza mafuta," akawajibu kwenye maiki. Wakacheka, wakanung'unika, mmoja akatishia kuondoka. Taratibu manung'uniko yakapungua, na ilipotimia saa nzima hakuna aliyeikumbuka helikopta. Mzee alipofika kwenye geti la mdogo wake, akatua sanduku na kuinua mkono abishe, chumba kilikuwa kimya hata mlio wa ile feni moja ukasikika.

Hapo diski ikaganda.

"Mzee amesimama, mkono hewani," anasema. "Nikaitoa, nikaifuta kwa gauni, nikairudisha. Mkono hewani. Watu thelathini na wawili wamegeuka wananitazama mimi. Nami ningewaambia nini? Kwamba sikuangalia, nilikuwa napiga deki?"

Hakuwaambia. Alizima televisheni, akashika maiki kwa mikono miwili na kusema, "Tulieni. Asubuhi nimeiona yote." Akawasimulia kwamba mlango ulifunguka kabla mzee hajabisha mara ya pili, mdogo mtu akamrukia shingoni, mke akatoka jikoni akaongeza sahani mezani, na ndugu wale wakacheka hadi wakaegemea ukuta.

Watu walilia. Mwanamume mzima alitoka amejifunika uso kwa kofia. Na wakati wa kutoka, mtu alifuta hukumu kwenye ubao na kuandika mahali pake: "Njoo". Ilikuwa mara ya kwanza watazamaji kumsahihisha.

"Nilifurahi na nikaona aibu, vyote kwa pamoja," anasema. "Filamu ilikuwa nzuri kuliko nilivyoidhania, halafu pale palipowaliza sikuwa nimepaona. Palitoka humu." Anajigonga midomo kwa kidole.

Ile ya Helikopta, kama inavyoitwa hadi leo, aliionyesha mara kumi na moja kwa kuombwa. Kila mara iliganda palepale, na kila mara aliimalizia kwa mdomo. Mke akazidi kuwa mkarimu. Watoto wakaongezeka. Watu waliujua mwisho ule kwa moyo, wakawa wanausema pamoja naye.

Uongo huo ungebaki mdogo kama si fundi cherehani.

Kibanda chake kinatazamana na banda la video, barabara tu ndiyo inayowatenganisha. Ni mtu mpole wa miaka arobaini na kitu, tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kula. Yeye na kaka yake hawasemezani mwaka wa kumi na moja huu, tangu walipogawana nyumba ya baba yao.

"Maneno tuliyoambiana siku ile, afadhali tungepigana," anasema fundi bila kuinua macho kwenye suruali anayoipindia miguu. "Ngumi inapona."

Fundi alikuwa miongoni mwa wale thelathini na wawili. Jumapili iliyofuata alijipigia pasi shati na kwenda kwa kaka yake. Kaka hakufungua. Fundi akarudi na unyonge wake, akamweleza Shangazi. Na jibu alilopewa ndilo linalomkosesha Shangazi usingizi wiki hii.

"Nilimwambia rudi," anasema Shangazi. Kitambaa kimetulia mkononi kwa mara ya kwanza tangu mwandishi afike. "Nikamwambia, si uliona kwa macho yako? Mlango ulifunguka."

Akarudi. Amekuwa akirudi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na amekwenda mara ishirini na tatu. "Nabisha mara tatu," fundi anaeleza. "Nasema, Kaka, ni mimi. Nasubiri kidogo, naondoka, nisije nikawa kichekesho cha mtaa wa watu. Mara mbili pazia limesogea." Anacheka kidogo. "Yule mzee ana bahati yake. Alibisha mara moja tu."

Jumatano iliyopita, binti wa Shangazi, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, alimtumia mama yake flashi. Alikuwa ameipata Ile ya Helikopta nzima, isiyoganda. Shangazi aliiangalia alfajiri, na safari hii ndoo aliiacha uani.

"Nilipomaliza nikairudia, nikidhani nimesinzia mahali," anasema. "Hakuna mke. Hakuna sahani. Mlango hata hauonekani ukifunguka. Tena ni nzuri, mwanangu! Ni nzuri kuliko yangu, na hilo ndilo linaloniuma."

Binti alimshauri kwenye simu aonyeshe tu diski ya zamani, kwani nani atajua? "Mimi," Shangazi akamjibu. Na kesho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Anatoka tena nje. Ng'ambo ya barabara cherehani inalia. Anaitazama, anaingia ndani, anatoka.

"Nikinyamaza, kesho namtuma kwa kaka yake kwa uongo wangu. Nikisema, huenda asiende tena maisha yake yote. Sasa niambie wewe uliyesoma, lipi afadhali?"

Mwandishi, aliyesoma, anaomba maji ya kunywa.

Saa tisa na nusu ubao hatimaye unaachwa na maandishi yake. Unasema: "Ile ya Helikopta, nzima. Mwisho si ule." Hukumu hakuna.

Saa kumi viti vyote vimejaa na watu wanne wamesimama nyuma. Fundi yuko mstari wa pili, amevaa tepu yake. Shangazi anaishika maiki, anaibadilisha mkono, anaikoholea.

"Kabla hatujaanza nina kosa langu la kusema," anaanza. "Siku ile ya kwanza niliwaambia nimeiona yote. Sikuiona. Niliiacha katikati nikapiga deki. Mwisho mnaoujua niliutunga mimi, hapahapa niliposimama."

Banda linalipuka.

"Shangazi! Hata yule mke?"

"Hata yeye."

"Na watoto?"

"Watoto mliongeza wenyewe."

"Basi turudishie viingilio vya mara zote kumi na moja!" anapaza sauti mmoja, na wengine wanaangua kicheko. Mama mmoja wa mstari wa mbele hacheki. "Mimi nautaka ule wetu," anasema, na sauti yake ina machozi. Fundi ameshika ncha ya tepu yake. Anaizungusha tepu kwenye vidole, anaikunjua, anaizungusha.

Filamu inaanza. Shangazi ni mzee, ni muuza tiketi, ni mvua. Sauti inamkwaruza lakini hakosei. Mzee anafika kwenye geti. Anatua sanduku. Mkono unapanda, na banda zima linavuta pumzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona ukishuka.

Unashuka. Anabisha.

Hakuna anayekuja. Anabisha tena. Dirishani taa inawaka, kwa hiyo mtu yumo. Mzee anasubiri, kisha analisogeza sanduku karibu na kulikalia. Anaona geti linaning'inia, bawaba moja imeng'oka. Anafungua sanduku, anatoa bisibisi na kuanza kulitengeneza. Mbwa wa jirani anakuja kulala miguuni pake. Jua linahama ukutani.

Dakika saba hakuna linalosemwa. Shangazi ameshikilia maiki mdomoni kwa mazoea, midomo wazi, kisha taratibu anaizima na kuiweka juu ya televisheni. Wateja wake hawajawahi kumwona amenyamaza muda wote huo. Picha inaingia giza, na ndani ya giza linasikika komeo likisogezwa. Basi. Majina yanapanda.

"Kafungua!" anasema mtu.

"Kafungua wapi? Kajifungia zaidi!"

Wanatoka wakibishana, na ubishi unaendelea hadi barabarani. Fundi amebaki kwenye kiti chake. Shangazi anamwendea, anasimama, anafunga na kufungua vidole.

"Fundi, mwanangu," anasema. "Nilikudanganya. Nisamehe."

"Kumbe alikaa," anasema fundi.

"Nani?"

"Yule mzee. Hakuondoka, Shangazi. Alikaa." Anageuka kumtazama. "Mimi nimekwenda mara ishirini na tatu, nabisha nakimbia. Sijakaa hata siku moja. Huenda kaka akifika mlangoni, mimi nimeshaikata kona."

Shangazi anafuta macho kwa mkono wenye chaki, jambo ambalo halimsaidii. Fundi anainuka na kuiweka sawa tepu shingoni.

"Pale kwake hakuna hata kibaraza," anasema. "Niazime kiti."

Shangazi anachukua kilicho karibu, anakiona kina waya, anakirudisha. Anachagua kingine kizima, anakikandamiza kwa mikono miwili kukijaribu. Kisha anachomoa cha pili na kukipachika juu ya cha kwanza.

"Viwili vya nini?" fundi anauliza.

"Akitoka atasimama?"

Fundi anavibeba kichwani na kuvuka barabara. Shangazi anamsindikiza kwa macho hadi anaingia kibandani kwake, kisha anageukia viti vilivyobaki na kuanza kuvipanga upya.

Mwandishi anamuuliza mipango yake. Anasema amemwagiza binti yake atafute filamu nyingine tatu ambazo diski zake nazo huganda naye huzitia viraka kwa mdomo, na kwamba kuanzia sasa ndoo haitaingia bandani kabla majina hayajapanda. Kesho saa kumi ataonyesha Ile ya Helikopta tena, kwa viti thelathini na sita.

"Wawili watasimama," anasema. Anachungulia mlangoni, ng'ambo ya barabara, kwa mara nyingine. "Na hivyo vyangu, naomba tu asivirudishe mapema."